Kuacha kanyanga: siku nne za kwanza usizipitie peke yako



Tunapopita nyumba kwa nyumba kuzungumzia vyandarua na chanjo, mara nyingi kuna mama atakayetuvuta pembeni na kuuliza kwa sauti ya chini: "Mzee wangu amesema anataka kuacha pombe. Nifanye nini?" Ni swali zuri sana. Kwa bahati mbaya jibu ambalo watu wengi hupewa ni moja tu: aache leo hii, na asiiguse tena. Katika toleo hili tutaeleza kwa nini jibu hilo, kwa mtu aliyezoea sana, linaweza kumuua, na njia ipi iliyo salama zaidi.

Tukisema pombe tuna maana ya zote: urwagwa, ikigage, kasiksi tuliyoizoea Kivu, bia ya chupa, na hasa kanyanga. Kanyanga ni ndugu ya lutuku ya kwetu Kongo, waragi ya Uganda, chang'aa ya Kenya na gongo ya Tanzania. Hapa Rwanda sheria inaihesabu pamoja na dawa za kulevya, kwa hiyo anayeinywa hujificha, na anayejificha huchelewa kutafuta msaada.

Ulevi ni tabia mbaya au ni ugonjwa?

Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba mlevi ni mtu asiye na aibu. Mwanzoni mtu huchagua kunywa, hilo ni kweli. Lakini akinywa kila siku kwa miezi na miaka, ubongo wenyewe unabadilika, na hapo kuchagua kunakuwa kugumu sana.

Fikiri juu ya mwendesha moto anayeshuka Shyorongi kuelekea Nyabugogo. Pombe ni kama breki: inapunguza mwendo wa ubongo, ndiyo maana mnywaji analegea, anasinzia, anasahau. Ubongo hautaki kusimama, kwa hiyo unajifunza kukanyaga mafuta kwa nguvu ili kushindana na breki hiyo. Mtu anayekunywa kila siku anaishi hivyo, breki na mafuta pamoja, na ukimtazama unaona kama mambo ni sawa. Sasa mwondolee breki kwa ghafla. Mafuta bado yamekanyagwa hadi mwisho, na mlima ni mrefu. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, usingizi unakimbia. Ubongo unahitaji siku kadhaa kuondoa mguu kwenye mafuta, na hatari iko katika siku hizo.

Utajuaje kama wewe ni mmoja wao?

Muuguzi hutumia maswali manne rahisi, nawe unaweza kujiuliza mwenyewe bila mtu kukusikia. Je, umewahi kuona kwamba inakupasa upunguze? Je, watu hukukera wanapolaumu unywaji wako? Je, umewahi kujisikia vibaya moyoni kwa sababu ya kunywa? Je, huwa unakunywa asubuhi ili kutuliza mikono au kuondoa uchovu wa jana, yaani kuzimua?

Ukijibu ndiyo kwa mawili, ni vema uzungumze na mhudumu wa afya. Lakini mimi nakuomba uangalie zaidi lile la nne. Anayezimua kila asubuhi mwili wake umeshafungwa na pombe. Huyo ndiye asiyepaswa kuacha ghafla akiwa peke yake nyumbani. Vilevile yule aliyewahi kuanguka kifafa alipokosa pombe, mwenye kifua kikuu au ugonjwa wa ini, aliyekonda kwa kutokula, na mwanamke mwenye mimba.

Kijana anayekunywa chupa mbili Jumamosi hayuko katika hatari hii. Yeye anaweza kuacha leo, na afanye hivyo.

Nini hutokea mtu akiacha ghafla?

Saa sita hadi ishirini na nne baada ya kikombe cha mwisho, mikono inaanza kutetemeka. Kuna jasho, kichefuchefu, hofu isiyo na sababu, na moyo unadunda. Kwetu hapa wengi husema ni malaria, wananunua dawa dukani, na siku inapita. Kipimo cha malaria kinafanyika kwa dakika chache tu kwenye kituo, usikisie.

Katika siku mbili za kwanza mtu anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani mwake. Wengine huona au kusikia vitu ambavyo havipo.

Kuanzia siku ya pili hadi ya nne ndipo linapoweza kuja lile baya zaidi. Mtu anaweweseka, hajui yuko wapi wala ni saa ngapi, anaona maruweruwe, joto la mwili linapanda, anatetemeka mwili mzima. Asipotibiwa anaweza kufa. Siyo kila anayeacha hufika hapa, ni wachache. Lakini huwezi kujua mapema kwa uhakika nani atafika, ndiyo sababu tunasema muuguzi amwone kila mmoja.

Katika mtaa wetu kulikuwa na baba mmoja, fundi viatu, mtu mpole. Aliamua kuacha baada ya mkutano wa maombi, mbele ya watu, na familia ilifurahi sana. Siku ya tatu usiku alianza kuokota wadudu kwenye blanketi, wadudu ambao hakuna mwingine aliyewaona, na kumwita kaka yake aliyekufa Masisi. Watu wakasema ni mapepo, wengine wakasema ametupiwa kitu na mtu anayemwonea wivu. Walimfunga kamba. Bahati ni kwamba binti yake wa shule alikimbia usiku kumwita mhamasishaji wa afya, na gari la wagonjwa likafika kabla ya asubuhi. Alikaa hospitali siku sita. Leo anashona viatu palepale, na maombi hakuyaacha. Siandiki haya ili kupinga maombi. Omba, lakini mgonjwa aombewe akiwa kitandani hospitali, dawa zikiwa zimeshaingia mwilini.

Kumfunga kamba mtu wa namna hiyo ni hatari: joto linazidi, anapigana na kamba, na moyo wake tayari umechoka.

Kituoni watafanya nini?

Watu wengi wanadhani watatukanwa. Muuguzi atakuuliza unakunywa nini, kiasi gani, na kikombe cha mwisho kilikuwa lini. Sema ukweli wote, hata kama ni kanyanga. Anauliza ili apime dawa, na maelezo yako ni siri ya matibabu, hayaendi kwa watu wa irondo wala kwa jirani. Ukisema vikombe viwili wakati ni kumi, dawa itakuwa ndogo na hatari itabaki.

Dawa inayotumika sana ni diazepamu au nyingine za jamii yake. Inashika nafasi ya breki kwa siku chache, kisha inapunguzwa kidogo kidogo. Ni dawa ya kupewa kwa uangalizi. Usiinunue kwa siri, na usiimeze pamoja na pombe hata mara moja: vikikutana vinaweza kuzima pumzi ya mtu akiwa usingizini. Isipotumika kwa muda mfupi, nayo inaweza kuwa kifungo kingine.

Pia atapewa vitamini B1, inayoitwa thiamini. Watu wanaokunywa sana hula kidogo, na pombe inauzuia mwili kuichukua vitamini hiyo katika chakula. Ikikosekana sana mtu anachanganyikiwa, macho hayatulii, anayumba hata bila kunywa, na akichelewa kutibiwa anaweza kupoteza kumbukumbu moja kwa moja. Vidonge hivi ni vidogo na bei yake si kubwa. Mimi naona hakuna dawa inayodharauliwa kuliko hii, watu wanaiita "vitamini tu".

Na kama leo huwezi kufika kituoni? Najua inashangaza mhudumu wa afya kusema hivi, lakini kwa mtu anayezimua kila asubuhi: usikate ghafla leo. Punguza kidogo, kula, kunywa maji, na kesho asubuhi nenda ukaonwe. Kwa huo usiku mmoja, heri bia ya chupa kuliko kanyanga ambayo hujui imepikwaje.

Hilo la mapishi si jambo dogo. Pombe ya kificho inaweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu. Mwaka 2000 katika mtaa wa Mukuru, Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo na wengine wakabaki vipofu. Mwaka 2010 huko Kabale, Uganda, mpakani kabisa na sisi, watu wapatao 80 walikufa kwa waragi. Mwishoni mwa 2021 vifo vya namna hiyo vilitokea Bugesera na hapa Kigali. Mtu aliyekunywa jana na leo anaona ukungu machoni, anaumwa kichwa na tumbo na kuhema kwa nguvu, asilazwe "aamke nayo". Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Ndugu wa mgonjwa wafanye nini?

Ikiwa muuguzi amemwona na kuruhusu atibiwe nyumbani, asibaki peke yake siku nne za kwanza, mchana na usiku. Pangeni zamu. Usiku acheni taa iwake kidogo, maana giza linaongeza maruweruwe. Ondoeni visu na mapanga. Mpeni maji na uji mara kwa mara, hata kama anakunywa kijiko kimoja kimoja. Ongeeni naye kwa sauti ya kawaida na mwambieni yuko wapi. Siku hizi si za kumkumbusha alivyouza magodoro.

Akianguka kifafa, mlazeni ubavu, wekeni nguo laini chini ya kichwa, ondoeni mawe na viti karibu yake. Msimtie kijiko mdomoni, msimshike kwa nguvu. Kisha kituo mara moja, hata kama ameamka na kusema yuko mzima.

Na wale wa bangi na gundi?

Anayeacha bangi atakosa usingizi, atakasirika upesi, chakula hakitampendeza, kwa wiki moja au mbili. Inasumbua, lakini haiui, na anaweza kuacha mara moja. Akiwa anasikia sauti au anaogopa watu kupita kiasi, aonwe na muuguzi wa afya ya akili. Watoto wanaonusa gundi ni habari nyingine. Gundi inaweza kusimamisha moyo hata mara ya kwanza, na mtoto huyo mara nyingi anaitumia kuzuia njaa na baridi, kwa hiyo ukimnyang'anya chupa bila kumpa chakula na mahali pa kulala hujafanya chochote. Tutaandika juu ya watoto hao katika toleo jingine.

Wiki ya kwanza imepita, sasa je?

Hapa ndipo wengi hudhani kazi imekwisha. Mikono imetulia, usingizi unarudi, mke ameanza kucheka tena. Mwili umepoa kweli, lakini sababu zilizompeleka kunywa bado zinamngoja mlangoni.

Tuangalie siku ya pesa. Kila mwezi msaada unapoingia kwenye simu au kadi, ndiyo siku ngumu kuliko zote kwa aliyeacha. Marafiki wanajua tarehe. Muuza pombe anajua tarehe. Na mara nyingi kuna deni: jina lako limeandikwa kwenye daftari lake tangu miezi iliyopita. Ukienda kulipa wewe mwenyewe utaketi, utamiminiwa kikombe cha asante, na ndiyo mwisho wa wiki zako sita. Deni lilipwe, si vizuri kulikimbia, lakini mtume mkeo, dada yako au mtoto mkubwa aliyepevuka. Mpango huu ufanywe kabla ya tarehe, siyo asubuhi yake. Wapo wanaume waliompa mke kadi ya simu na namba ya siri kwa miezi mitatu ya kwanza. Majirani watacheka, waache wacheke.

Kuna nyumba ambazo jambo ni gumu zaidi, kwa sababu pombe inapikwa humohumo. Mama anapika ili alipe madaftari, sabuni na mkaa, maana msaada hautoshi, na sisi sote tunajua hautoshi. Sitamtukana mama huyo. Lakini mume hawezi kupona akilala umbali wa hatua tatu kutoka kwenye jerikani. Familia zilizofaulu zilibadilisha biashara, hata kwa faida ndogo: mandazi, nyanya, kushona, makaa ya rejareja. Kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kutoa mtaji wa kwanza. Kama haiwezekani mwezi huu, angalau pombe ipikiwe mahali pengine na mgonjwa asiwe ndiye anayeionja au kuibeba.

Halafu kuna usiku. Wengi walianza kunywa ili walale bila kuona tena waliyoyaona Rutshuru, Masisi au njiani. Pombe inaleta usingizi wa haraka na baadaye inauvuruga, na ukiiacha ndoto zinarudi kwa nguvu. Usishangae, na usidhani umepata wazimu. Ndoto hizo zina matibabu yake ya mazungumzo, na mshauri wa afya ya akili anazijua. Mwambie tu kwamba hulali.

Mwisho ni suala la wenzako. Mwaka 1935 huko Akron, Marekani, walevi wawili, mfanyabiashara mmoja na daktari mmoja, waligundua kwamba kila mmoja alikaa bila kunywa alipokuwa akizungumza na mwenzake. Kutoka hapo vikundi vikaenea duniani. Zanzibar, kuanzia 2009, vijana waliokuwa wameacha heroini walianzisha nyumba za kupata nafuu, ambako waliopona wanaishi na kuwaongoza wanaoanza. Si lazima tuwe na nyumba. Watu watatu walioacha, wakikutana kila Alhamisi jioni chini ya mti, hasa wakikutana siku ya pesa, tayari ni kikundi.

Akirudia kunywa?

Inatokea, tena mara nyingi, na haina maana kwamba matibabu yalikuwa bure. Ila kuna jambo la kujua. Mwili uliopumzika miezi miwili hauwezi tena kubeba kiasi kile cha zamani; kikombe alichokuwa akimaliza bila kuyumba sasa kinaweza kumwangusha. Na kila mara mtu anapokunywa kwa muda kisha kukata ghafla, mtetemeko wa mara inayofuata huelekea kuwa mkali zaidi. Kwa hiyo aliyerudia kwa siku nyingi asijaribu kuacha nyumbani kwa sababu "mara ya kwanza iliwezekana". Arudi kituoni. Hakuna atakayefungiwa mlango kwa sababu alikuja mwaka jana.

Uende wapi?

Kambini, anza na mhamasishaji wa afya wa mtaa wako au nenda moja kwa moja kituo cha afya. Wakiona hali inahitaji, watakupa transferi kwenda hospitali ya wilaya, kwa mfano Kirehe kwa watu wa Mahama, ambako kuna huduma ya afya ya akili. Unayeishi Kigali, anza na kituo cha afya cha karibu ukiwa na kitambulisho cha mkimbizi na mituweli. Wakimbizi wa mjini walianza kuingizwa katika mituweli mwaka 2019. Kutoka hapo, kwa matatizo makubwa, kuna hospitali ya magonjwa ya akili ya Ndera katika wilaya ya Gasabo, na tawi lake la Icyizere lililoko Kicukiro. Walio kusini wana tawi lake la Huye. Usiende Ndera bila transferi kama si dharura, maana mituweli haitalipa.

Wapo wanaoogopa kwamba faili la pombe litazuia safari ya nchi ya tatu. Ni kweli kwamba uchunguzi wa afya wa safari huuliza juu ya pombe na dawa za kulevya. Kinachotazamwa zaidi ni kama tatizo lipo sasa na kama linaleta madhara kwako au kwa wengine. Aliyetibiwa na kukaa muda mrefu bila kunywa ana la kuonyesha.

Kwa dharura, yaani kifafa, kuweweseka, homa kali pamoja na mtetemeko, au macho kuona ukungu, piga 912 kuomba gari la wagonjwa. Kwa ushauri wa afya piga 114. Ukifika kituoni na ukaona aibu mbele ya foleni, huhitaji kueleza mengi mlangoni. Sema tu: "Asubuhi mikono yangu inatetemeka." Muuguzi ataelewa, na atakuita ndani.